Mzee aliyekuja kumtoa bintiye skuli

Leo nimemjibu mzee wa watu.

Mimi ni karani tu wa skuli. Mzee kaingia ofisini na bintiye wa darasa la tatu, anapiga meza. "Mtoto hajui kusoma! Mnamfunza nini? Namtoa!"

Mtoto analia.

Niliogopa, wallahi. Lakini hasira ikanishinda.

"Samahani mzee wangu, huko chuo cha Kurani mtoto kafika wapi?"

Uso ukamnawiri. "Anakaribia kumaliza Juzuu Amma! Kila siku baada ya magharibi namsikiliza miye mwenyewe."

"Mashaallah. Na kitabu cha skuli nani humsikiliza?"

Mzee akashangaa.

"Hiyo si kazi ya walimu?"

Nikamfungulia mtoto kitabu hapo hapo. Akasoma mstari, akakwama. Nikadhani atapigwa kofi.

Mzee akasema taratibu, "Rudia, mwanangu."

Akarudia. Akapita pale alipokwama.

Hakumtoa, alhamdulillah. Lakini hasira haijanitoka. Miaka yote hii analaumu walimu, na sauti ya mwanawe akisoma kitabu cha skuli kaisikia leo, tena ofisini kwangu!

Nyinyi wenye watoto, wenu mmewasikia lini?