Leso, Shuka na Sanda

Wiki iliyopita nilijiaibisha, na tangu siku hiyo nazunguka uchochoro mwingine nikienda kazini. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Bagamoyo, na mtaji wangu ni mdomo.

Nilikuwa na Wareno, Waitaliano na mama mmoja wa Kifaransa. Nikatoa leso mfukoni, nikaanza kujitapa: neno hili tumelipata kwa Wareno, na asili yake ni kitambaa cha kitani kwa Kilatini. Ndugu yake wa Kiitaliano ni shuka la kitandani. Wa Kifaransa ni sanda!

Wakacheka. Nami, mpumbavu, nikazidisha. Mbele yetu ilikuwa nyumba ya Bi Mwanahawa, ambaye kila asubuhi huniitikia marahaba na kunimiminia chai ya tangawizi. Kibarazani walikaa wanawake wawili na rundo la kanga. Nikadhani wanauza. Sikupiga hodi wala sikusalimu. Nikachukua kanga moja, nikajifunika gubigubi, nikalala chini kama maiti. Wageni wakapiga picha.

Nilipojifunua, Zuhura, binti wa Bi Mwanahawa, alikuwa amesimama mbele yangu, macho mekundu.

"Kaka Shomari, tupe hiyo kanga. Majirani wametuletea tumkingie mama wakati wa kumwosha."

Yule mama wa Kifaransa hajui Kiswahili hata kidogo. Alinitazama usoni, akaiokota leso yangu mchangani, akaniwekea mkononi.