Bibi wa Igawa na Tangazo Langu la Macho

Nilitangaza upasuaji wa macho ambao haukuwepo. Naandika hili mwanzoni kabisa, maana mtaani kwetu Mbalizi kisa hiki kinasimuliwa kwa namna nyingi, na katika nyingine eti nilikamatwa na polisi. Sikukamatwa. Ningekamatwa ingekuwa nafuu.

Shuleni kwetu tuna klabu ya vijana ya kujitolea. Inalelewa na klabu ya wakubwa ya Mbeya mjini, nayo ina ndugu zake kila mahali huku Nyanda za Juu: Makambako, Iringa na kwingineko. Wote tuko kwenye grupu moja la simu. Mimi ndiye katibu wa habari, kazi niliyopewa kwa sababu mdomo wangu haufungi. Kila wiki naandika tumefanya nini: tumepanda miti kando ya barabara (mbuzi wakaila), tumefagia wodi, tumekabidhi ndoo. Kukabidhi ndoo kwetu ni kama ibada. Ndoo moja, watu kumi wameishika, wote wanaichekea kamera, na mama anayepewa hiyo ndoo hana hata pa kuweka kidole.

Wiki ile hatukufanya kitu. Mvua ilinyesha, tukakaa. Nikaona nimchome mwenyekiti wa klabu yetu ya shule, mwanafunzi mwenzangu anayetembea kama ana walinzi. Nilikuwa na picha yake amevaa koti jeupe la maabara. Nikaiweka na maneno haya: “Jumamosi ijayo, upasuaji wa mtoto wa jicho, bure, uwanja wa shule yetu Mbalizi. Daktari bingwa ni mwenyekiti wetu, aliyepata sifuri ya Biolojia.” Watu wakacheka, mwenyekiti akanitumia kikatuni cha ngumi, nikalala kwa amani.

Sikujua kwamba kuna mtu alichukua picha na sentensi ya kwanza tu. Ikatoka kwenye grupu letu ikaingia la kwaya, ikatoka la kwaya ikaingia la wauza mchele, mpaka ikasomwa kanisani Igawa, baada ya matangazo ya ndoa. Sasa ikishasomwa kanisani, nani atabisha?

Jumamosi nilikwenda shule kucheza mpira. Getini nikakuta watu wa hapa hapa wanamsubiri daktari. Nilipowaambia ulikuwa utani, walinitukana kwa Kisafwa na kwa Kinyakyusa, wakaenda zao sokoni. Lugha zote mbili nazielewa, kwa bahati mbaya. Nikadhani yameisha. Mara konda wa basi akaja kutoka barabarani, amemshika mkono bibi mmoja aliyevaa makoti mawili.

“Dogo, pokea. Katoka Igawa peke yake. Kaniambia nimfikishe kwenye macho.”

Akaondoka mbio, basi linapiga honi. Bibi akageuza uso upande wangu. Macho yake yalikuwa meupe kama maji ya mchele.

“Wewe ndiye daktari?”

“Hapana, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Nilijua. Daktari hanuki maandazi. Niitie mkubwa.”

“Bibi, hakuna daktari. Mimi ndiye niliyeandika. Ulikuwa utani.”

Akauliza, wala si kwa hasira, na hapo ndipo aliponimaliza:

“Utani na nani? Mimi na wewe ni watani?”

Huku kwetu utani una watu wake. Unamtania mjukuu, unamtania shemeji, unamtania mtu wa kabila ambalo babu zenu walipatana nalo hivyo, naye anajua anataniwa na anakurudishia. Huokoti tu mtu njiani ukamtania bila yeye kujua.

Akaniambia ana kitukuu nyumbani. Amempakata, amemwimbia, amemwogesha. Hajamwona.

Nikampigia mwalimu mlezi wa klabu, naye akampigia mwenyekiti wa wakubwa, mama mmoja Mwislamu mwenye duka la vipuri mjini. Alipofika nilikuwa nimeshapanga utetezi wangu wote, pamoja na kipengele cha umri. Hakunitazama.

“Bibi kashakunywa chai?”

“Bado, mama.”

“Bado! Na nyie mmesimama hapa mnazungumza nini?”

Bibi alipokwisha kunywa, yule mama akagonga kikombe kwa kijiko. Kwenye klabu hatugombezani, tunatozana faini. Ukichelewa, unaimba. Simu ikilia mkutanoni, unacheza mbele za watu. Mimi ndiye huwa nashangilia kuliko wote mwingine akitozwa.

“Faini yako, mwanangu: bibi huyu ni wako. Mpaka aone, au daktari aseme hataona. Unaishi wapi?”

“Nyumbani, kwa mama.”

“Basi naye anaishi huko.”

Mama yangu anauza viazi sokoni. Bibi mwenyewe ndiye aliyemsimulia kisa chote, bila kunipunguzia hata neno. Mama akatandika kitanda chake, akamlaza bibi, yeye akahamia kwenye mkeka. Mimi sikuambiwa kitu.

Bahati ikawa klabu ya Iringa ilikuwa imeandaa kambi ya macho na hospitali ya huko, wiki iliyofuata. Nafasi zilikuwa zimejaa. Mwenyekiti wao, mzee mkulima wa nyanya, akasema kwenye simu: “Mleteni hivyo hivyo, tutambana mahali. Mimi mwenyewe nililiamini lile tangazo. Nilishaanza kuwaonea wivu.”

Klabu ya Mbeya ikatupeleka kwa gari mpaka Makambako, ya Makambako ikatupokea mpaka Iringa. Tulipokuwa tunapita Igawa bibi akateremsha kioo, akanusa.

“Hapa si kwangu?”

“Ndipo, bibi.”

“Nimetoka hapa nikaenda Mbalizi, ili nirudishwe hapa hapa niende Iringa. Mjukuu wangu, wewe una kazi.”

Kumbe ameshaniita mjukuu.

“Kamwene, bibi,” nesi wa Iringa akamsalimu, akampima presha. Ilikuwa juu. Daktari akasema isiposhuka mpaka asubuhi hawezi kumgusa, na baada ya hapo timu ya madaktari inaondoka. Nikaona hapa ndipo penye kazi yangu. Nikaanza: kichekesho cha padri na nguruwe, kichekesho cha mwalimu wa Hesabu, na sauti zote. Wodi nzima inacheka.

“Nyamaza,” bibi akasema. “Hiyo presha ni wewe.”

Nikanyamaza. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki tangu chakula cha mchana mpaka jua lilipozama, mkono wangu umeshikwa, sijasema neno. Mama mmoja wa klabu ya Iringa alileta uji na blanketi, akatufunika wote wawili, akaenda bila kuuliza sisi ni akina nani. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu kofia yake. Nikayameza.

Asubuhi presha ilikuwa imeshuka. Wakampasua jicho moja. Kesho yake nesi akafungua bandeji, bibi akatazama dirisha, akatazama mikono yake, akageuka akanitazama mimi, sana.

“Ni wewe?”

“Ni mimi, bibi.”

“Mwembamba hivi! Maneno yote yale yalikuwa yanakaa wapi?”

Nikatoka nje kama mtu mwenye simu ya kupiga. Nilisimama kwenye baridi ya Iringa nikiwashukuru watu mmoja mmoja kimoyomoyo: yule mama wa vipuri, dereva wa Makambako, mzee wa nyanya, mwenye blanketi. Wangeweza kulifuta lile tangazo na kusema haliwahusu, na wangekuwa na haki. Bibi angerudi Igawa na konda yule yule, na kitukuu wake angeendelea kumjua kwa mikono.

Kisha nikapiga kweli. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mteja nyuma yake akiuliza bei ya sado ya viazi. Akavuta pumzi, akasema:

“Ulidanganya, Mungu akaufanya uongo wako kuwa kweli. Mshukuru. Ila usimzoee.”