Mbwa aliyekula gobore la baba

Leo mbwa wetu ametafuna kandambili yangu mpya, na wajukuu wanacheka.

Mimi sicheki. Mbwa wananitesa tangu miaka ya sabini!

Tulikuwa Usangu, nguruwe pori wanamaliza mahindi. Kwenye gobore la baba kikavunjika kile chuma kinachokinga kifyatulio, na bila hicho linaweza kujifyatukia lenyewe.

Nikatumwa kwa fundi wa bunduki huko Mbalizi, kutwa nzima juu ya lori. Fundi akasema hana chuma, nirudi mwezi ujao. Mwezi ujao, jamani! Mahindi yatasubiri?

Nikaamua kuunga mwenyewe. Nikafunga vipande kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, kama tulivyofunga mpini wa jembe uliopasuka. Ikikauka inakaza kuliko msumari.

Nikaliegemeza gobore juani (halikuwa na baruti, msinishambulie), nikaenda kupalilia.

Narudi, ngozi hakuna. Vipande viko chini. Simba, mbwa wetu wa kuwindia, kajilaza hapo hapo anajilamba.

Nikaokota fimbo.

Baba akanishika mkono. "Gobore limeshakufa. Ukimvunja na mbwa mguu, nguruwe utawafukuza wewe kwa kubweka?"

Nikaitupa fimbo.

Sasa huyu wa kandambili, nyie mngemfanyaje?