Kuruka Mtungi kwa Ubao wa Magurudumu

Sauti ya magurudumu juu ya lami mpya ilinifikia jikoni kabla sijauona ubao wenyewe. Ilikuwa likizo ya Agosti, nina miaka kumi na miwili, na barabara ya karibu na ploti yetu, mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, ilikuwa imetoka tu kuwekwa lami. Jua likipanda lami ilinuka mtaa mzima. Abdi, mtoto wa muuza nguo jirani yetu, alikuwa ameletewa na mjomba wake ubao wa magurudumu manne, na sote tuliutaka. Kwa kuwa ubao ulikuwa mmoja, Abdi akatunga sheria: atakayeruka nao mtungi wa plastiki wa lita ishirini, uliolazwa barabarani, atapata zamu kila siku. Wengine watatazama. Nilitaka zamu hiyo kuliko chakula. Nilikanyaga mkia wa ubao, nikaruka, na kila mara magurudumu yakaupiga mtungi.

"Nakiru, hiyo si kuruka," Abdi alinicheka, "hiyo ni kubisha hodi!"

Baba alifanya kazi ya kupakia mifugo sokoni, akiinua mbuzi na kondoo hadi kwenye malori. Ubao hakuujua, lakini alinitazama jioni moja akasema shida yangu ni mapaja. Akanifundisha kuchuchumaa nikiwa nimekumbatia mtungi wenye maji nusu, mgongo wima, kisha kusimama polepole. Halafu kuruka kwenye kizingiti na kutua bila kishindo. Wiki ya tatu nilihisi miguu imekuwa ya mtu mwingine. Ila wapakiaji walikuwa na mwiko wao: siku moja kabla ya soko hawabebi kitu, hata ndoo. Baba akaniambia nami nipumzike siku moja kabla ya kujaribu tena. Sikumsikia. Moyoni nilimwona mvivu. Alipotoka nilichuchumaa hadi miguu ikatetemeka, na kesho yake ubao haukuinuka hata kidogo. Watoto walicheka mpaka wakaketi chini. Abdi akasema nafasi yangu imeisha.

Nilimwambia Baba ukweli. Hakunigombeza. Mtu huyo, ambaye hata madereva wa malori walimwogopa, alienda kumwomba mtoto. "Abdi, mwanangu, mpe Nakiru nafasi moja Jumamosi. Kosa ni langu, sikumweleza sababu." Kosa halikuwa lake. Ijumaa alikaa nami kivulini kutwa, tukinywa chai, na kila nilipoinuka alinirudisha: "Keti. Miguu inapata nguvu ukiwa umekaa."

Jumamosi niliruka. Gurudumu la nyuma liliugusa mtungi kidogo. Hakuna aliyeona, nikasema mwenyewe. Abdi akajikuna kichwa. "Haya, chukua zamu. Lakini kesho mimi naanza!"

Baba alitutoka mwaka huu. Siku hizi vijana wa Isiolo wana mbao zao, wanafuata mazoezi kwenye simu, na wanaruka juu kuliko tulivyoota. Nafurahi kuwatazama. Mimi nina kibanda cha chai na sikuwahi kukifunga hata siku moja, mpaka wiki ya mazishi. Majirani walidhani huzuni imenishinda. Huzuni ilikuwepo, sikatai. Lakini nilikuwa nimekaa tu, kutwa nzima, kama Ijumaa ile kivulini, nikimshukuru.