Throto Kubwa ya Kamuli

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Nyaishozi, Mkuu wa Karakana alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, akaniuliza chakula cha mafundi nimekiweka wapi. Nikamjibu kwamba mimi ndiye fundi mpya. Mzee yule alikuwa mkali, lakini hakuwa mchoyo wa ujuzi. Alinifundisha kuisikiliza injini kabla sijashika spana. Injini inapumua, alisema: hewa inaingia, inaungua pamoja na mafuta, moshi unatoka. Mchana tulikula ndizi na maharage juu ya boneti, mikono ikinuka petroli hata baada ya sabuni. Jamani, nilikuwa na raha siku zile!

Baadaye nilihamishiwa Kamuli, kwenye magari ya ushirika mmoja wa kahawa. Mafundi wenzangu, wote wanaume, walikuwa wakingoja niteleze, nami nikaapa kwamba sitateleza. Pikapu ya ushirika ilikuwa ikichoka mlimani kila ilipobeba magunia, na Meneja Usafirishaji akataka dawa. Nikamshauri tununue throto kubwa. Throto ni mlango wa hewa ya injini, chuma chenye kipepeo ndani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Nikajisemea, mlango mkubwa, hewa nyingi, nguvu nyingi.

Nilipoifunga throto hiyo, pikapu ikawa inaruka kwa kuguswa tu. Meneja akanipigia makofi. Kesho yake dereva wetu Anatoli, mtu mpole wa Ihanda, akarudi na mzigo, akasema mbele ya watu wote, "Fundi, gari linaamka haraka, lakini mlimani nguvu ni zile zile."

Alisema kweli. Mlango mkubwa hupitisha hewa nyingi kwa mguso mdogo, ndiyo maana unahisi gari limepata nguvu. Ukikanyaga hadi chini, injini inavuta kiasi kile kile inachokiweza. Lakini wanaume wale walikuwa wamesimama wanasikiliza, na kiburi kikanipanda.

"Gari ni zima," nikasema. "Dereva ndiye hajui kubadilisha gia."

Wiki ile ile Meneja alimnyang'anya Anatoli funguo, naye akarudi Ihanda kulima migomba.

Miezi michache baadaye nilifungua bomba la moshi, nikakuta masega, yaani kile kisafisha moshi cha ndani, yameziba kabisa. Injini ilikuwa inashindwa kutoa pumzi, mimi nikaipanulia pua! Nikaweka masega mapya, nikarudisha throto ya zamani, na pikapu ikapanda mlima na magunia yake yote. Wakanisifu. Nikanyamaza, na Anatoli hakuitwa.

Sasa nimestaafu, na vijana bado wananiuliza kama throto kubwa inaongeza nguvu. Nawajibu kwamba kama injini yako imefanyiwa kazi ivute hewa zaidi, na bomba la moshi nalo likapanuliwa, inasaidia. Kwa gari la kubebea ndizi, wewe tafuta kwanza kilichoziba. Kila nikijibu hivyo roho inaniuma. Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia, nikapanda bodaboda hadi Ihanda.

Anatoli alinikaribisha kwa kahawa za kutafuna, kama mgeni wa heshima. Nikamweleza yote, nikilia.

"Waitu, ndugu yetu Fundi, mimi nilikusamehe zamani," akasema. "Lakini wanangu wamekua wakisikia kwamba baba yao alifukuzwa kwa kutojua gari. Waambie wao."

Akawaita kutoka shambani. Walikuja watu wazima watatu, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Wakanipa shikamoo, wote kwa heshima. Sikuitikia. Nikasimama, nikawaambia kwamba baba yao alikuwa dereva mzuri, na kwamba aliyesema uongo ni mimi.