Kanga Wawili wa Fedha

Nakumbuka Alhamisi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa nimeketi uani kwetu Geita na kipande cha msasa mkononi. Upepo ulikuwa umelala, na vumbi la barabarani lilining'inia hewani kama moshi usiotaka kwenda. Jumamosi pacha wangu Kulwa angeolewa.

Marehemu mama alituachia bangili mbili za fedha. Kwa ncha ya msumari alichora kanga mmoja kwenye ya Kulwa, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na kanga wawili kwenye yangu mimi Doto. Michoro yenyewe ilikuwa myembamba kama nywele. Kulwa alitaka kuvaa ya kwake siku ya harusi, akanikabidhi zote mbili nizing'arishe.

Nilipozifungua nilizikuta nyeusi kama masizi. Nikasema huu ni uchafu. Nikaanza na ya Kulwa, maana nilitaka kumfurahisha. Nilisugua bila kuinua kichwa, nikifurahia jinsi weupe ulivyokuwa ukitokeza. Nilipoifuta, ikameta kama maji. Kanga hakuwepo.

Niliigeuza huku na huku nikimtafuta. Kisha nikazifunga zote mbili kwenye kitenge, nikaenda mbio kwa Mzee Lugata, sonara aliyewayeyushia wachimbaji dhahabu yao karibu na soko.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba.” Nilipofungua kitenge akaiona ile iliyometa. “Haya, umemkwangua nani?”

“Ilikuwa na uchafu, babu.”

“Uchafu!” Alinitazama juu ya miwani. “Na wewe ukiungua jua, utajipiga msasa?”

Aliichukua ile ya kwangu, iliyokuwa bado nyeusi, akainusa. “Mliifunga na nini?”

“Mpira wa baiskeli.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Sisi Wasukuma na mpira wa baiskeli! Tumefungia mizigo, tumefungia milango, sasa na fedha ya marehemu. Mpira una salfa, ng'wanawane, mwanangu. Fedha na salfa zikikaa pamoja, fedha inageuka nyeusi. Weusi huu ni fedha yenyewe.”

Akanituma kwa mama ntilie wa jirani nikaazime sufuria ya alumini na magadi kidogo.

“Mtaniharibia sufuria!” mama ntilie alilalamika, akaja nyuma yangu kuilinda.

“Itafifia kidogo,” mzee alimjibu. “Lazima mmoja atoe, ndipo mwingine apate.”

Maji ya magadi yalipochemka, aliilaza bangili chini kabisa, iguse sufuria. Mvuke ukapanda, na harufu ya yai viza ikatufikia. Tuliinama watatu, vichwa vikikaribia kugongana. Weusi ukaanza kuondoka polepole, kama kivuli cha wingu kinavyohama shambani, na ndani yake wakatokea kanga wawili, mmoja nyuma ya mwingine, kila unyoya mahali pake. Nilihisi kama mama amefungua mlango na kuchungulia.

Baadaye sana, nikiwa mwalimu wa kemia, nilikuja kueleza kilichotokea mle. Fedha ilipoungana na salfa ilitoa elektroni, vichembe vyenye chaji hasi. Alumini hutoa elektroni kwa urahisi zaidi kuliko fedha. Kwa hiyo, zilipogusana ndani ya maji ya magadi, alumini ilitoa zake, fedha ikazipokea, ikarudi kuwa fedha, na salfa ikaiacha. Hakuna kupokea bila wa kutoa; mambo hayo mawili hutokea pamoja siku zote.

Lakini siku ile nilikuwa na swali moja tu. “Na hii ya Kulwa, babu?”

Aliipapasa kwa kidole gumba. “Kilichogeuka cheusi kinarudi. Kilichokwanguliwa kimeshakuwa vumbi. Naweza kuchora kanga mwingine, ila hatakuwa wa mama yako.”

Nilirudi nyumbani kwa mguu mzito. Jumamosi asubuhi, Kulwa akisukwa nywele, nilimvisha bangili ya kanga wawili.

“Hii ni yako,” akasema.

“Ya kwako nimeikwangua, Kulwa. Kanga wako hayupo tena. Nisamehe.”

Msusi akasimamisha mikono. Kulwa akawahesabu kanga kwa kidole: mmoja, wawili. Machozi yakamshuka, kisha akaanza kucheka humohumo kwenye machozi.

“Kumbe leo mdogo ni mimi. Shikamoo, dada.”

Ile tupu ndiyo hii unayoiona mkononi mwangu.

Mwanangu, utakutana na watu waliogeuka weusi kwa sababu ya walichofungwa nacho: maneno makali, marafiki wabaya, miaka ya kuchimba dhahabu mashimoni bila kupata kitu. Usiwaendee na msasa. Uliza kwanza walifungwa na nini. Kisha keti karibu nao, uwaguse, utoe kitu chako, hata kama utafifia kidogo. Na ukishamkwangua mtu, usimfiche; mwambie, halafu umpe kilicho chako.

Mungu akupe mikono mipole, na asikukoseshe wa kukaa nawe siku utakapokuwa mweusi wewe. Kulwa yuko Ngokolo, mjini Shinyanga, ana wajukuu. Mpaka leo akinipigia simu huanza na shikamoo, nami huitikia, “Marahaba, mdogo wangu.”