Fundi Fanueli na Kijana wa Ujerumani

Fanueli alikuwa mwashi pale Mbalizi, na nyumba yake mwenyewe haikuwa na ukuta wa nyuma. Mvua zikikoma tu, nyayo zinamwasha. Leo yuko Iringa anawajengea watu, kesho kutwa Tukuyu, na mkewe Damari amebaki kuliziba lile tundu kwa mikeka.

Safari zote alikwenda na kitabu kimoja. Wadachi wa misheni, yaani Wajerumani, walimfundisha lugha yao angali mtoto, na kitabu hicho kilikuwa habari ya kijana wa Ujerumani anayeaga kwao akatafute kazi ya kumfaa, na ajijue yeye ni mtu wa namna gani.

Mwaka 1955, mvua zilipokoma, Damari akamwona anatia mwiko na timazi kwenye gunia.

"Safari hii ukienda, Baba Esta, mimi narudi kwa kaka zangu. Sisemi mara mbili."

Fanueli akakitwaa kile kitabu chake.

"Huyo kijana wako, mwishowe anarudi kwao?"

"Sijui. Sijafika huko."

"Mvi zote hizo, hujafika?"

Kweli hakufika. Kila akisoma pale kijana anapoaga, naye huinuka kutafuta viatu.

"Basi nisomee. Lori la Matano halijaja."

Akaketi juu ya gunia, macho yakisoma Kidachi, mdomo ukisema Kiswahili. Kijana akajifunza kutengeneza saa, akaacha, akapenda asipopendwa, akaaibika. Kitabu hakikumhubiria mtu. Kijana alikosea mwenyewe, na Fanueli akajiona mlemle.

"Wenzake wa rika wako wapi?" Damari akadakia. "Kwetu wavulana hutoka kwa baba zao pamoja, wakajenga kijiji chao. Huyu wamemwachaje aende peke yake? Ndiyo maana anapotea!"

Fanueli akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Wenzake yeye walikwenda migodini kusini, mmoja mmoja, na kijiji walichojenga kiliota magugu.

Honi ikalia barabarani.

"Fundi!" Matano, dereva, akaita. "Unapanda, au leo uko darasani?"

Fanueli hakuinuka. Aliyeinuka ni Damari. Akatia kuku kapuni, akajifunga kanga kiunoni.

"Mama Esta, wapi tena?"

"Kurasa zimebaki nyingi?"

"Si haba."

"Nakwenda nawe, utanisomea njiani. Kwa kaka zangu hakuna ajuaye Kidachi."

Akatangulia kupanda, akamnyooshea mkono.